Mnyororo wa Chuma kwenye Kifaru Kidogo: Mjadala wa Njombe na Makambako

Kifaru kidogo kinachoongozwa kwa redio ni mashine ya mfano iliyo na viungo vyote vikuu vya kifaru cha vita isipokuwa baruti: bodi, mnara unaozunguka, mota mbili za umeme, giaboksi mbili, na kila ubavuni mnyororo unaopita juu ya safu ya magurudumu. Uwiano unaopendwa zaidi na waundaji wake ni wa moja kwa kumi na sita, maana yake kila sentimita moja ya mfano husimama badala ya sentimita 16 za kifaru chenyewe, hata Sherman ya Marekani, iliyokuwa na urefu wa karibu mita sita, ikawa kitu cha kubebwa kwapani. Mifano ya bei ya kawaida hutoka kiwandani ikiwa na mnyororo wa plastiki, na mwenye nayo hukabiliwa na swali pindi mnyororo huo unapokatika: atafute mwingine wa plastiki, au aingie gharama ya kufunga wa chuma? Wapenzi wengi wa fani hii hujibu kwa haraka kwamba chuma ni bora, na haraka hiyo ndiyo inayostahili kuhojiwa.

Nyanda za juu kusini mwa Tanzania zinafaa kwa kazi hiyo ya kuhoji. Makambako ni mji wa njia panda, ambapo barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia huachana na ile ya Njombe na Songea, na ambapo hupita reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, na ambayo kipande chake cha kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako kiliwasumbua wajenzi kuliko kingine chochote. Njombe, iliyo umbali wa takriban kilomita 60 kutoka hapo na kimo kinachokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, imezungukwa na mashamba ya misonobari na miwati ambamo njia za kutolea magogo hufunguliwa kwa katapila. Mnyororo wa chuma, kwa hiyo, si kitu kigeni huku; kigeni ni huo mdogo wa kuchezea, na wapo watu wanaoweza kuupima mdogo kwa ujuzi walioupata kwenye mkubwa.

Sauti nne zinazofuata hazikunukuliwa kwa mtu yeyote. Zimeundwa ili kila msimamo upate mtetezi kutoka katika kazi inayojulikana katika miji hiyo miwili. Kijana ni fundi wa simu ambaye huunda mifano ya mashine. Mwalimu hufundisha fizikia katika shule ya sekondari. Fundi amezeeka katika kufungua na kufunga minyororo ya katapila. Na Mama ni mfanyabiashara wa mbao, ambaye huzikodi katapila hizo na kuumia zinapolala porini zikisubiri vipuri.

Kijana: Plastiki ni nyepesi mno kwa kazi hii. Chukueni Type 59, kifaru cha Kichina ambacho kimo katika zana za jeshi la Tanzania tangu miaka ya 1970. Hakina magurudumu madogo ya kuubeba mnyororo upande wa juu, kwa hiyo mnyororo hubonyea na kulala juu ya magurudumu makubwa matano, na huko kulala ndiko kunakokipa sura yake. Mnyororo wa plastiki hata ukilegezwa haulali, kwa sababu hauna uzito wa kuulaza. Zaidi ya hapo, pingili, yaani kila kipande kimoja cha mnyororo, huungwa na mwenzake kwa pini, kijiti chembamba kinachopita katika matundu ya pande zote mbili. Tundu la plastiki hupanuka, kuta zake hupasuka, na asubuhi za baridi za Juni na Julai, ambapo Njombe hupata hata jalidi, plastiki iliyozeeka hupasuka upesi zaidi.

Mwalimu: Kijana ametaja sura, uzito na uimara kwa pumzi moja, ilhali kila kimoja kina hesabu yake. Tuanze na uzito. Sherman ilikuwa na takriban tani 30. Urefu ukigawanywa kwa 16, na upana vivyo hivyo, na kimo vivyo hivyo, ujazo hugawanyika kwa 16 mara 16 mara 16, yaani kwa 4,096, na tani 30 hushuka hadi kilo saba na kitu. Mfano wa plastiki huwa na kilo tatu au nne, kwa hiyo mwenye kusema kwamba ni mwepesi hakukosea. Kanieneo, yaani uzito unaoangukia kila sentimita ya mraba ya ardhi, huonyesha tofauti kubwa zaidi: Sherman iliikandamiza ardhi kwa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, ilhali mfano wa kilo nne, ambao minyororo yake miwili ina upana wa sentimita 2.6 na hugusa ardhi kwa urefu wa sentimita 23, huikandamiza kwa gramu 33 tu. Ndiyo sababu mfano huelea juu ya nyasi ambazo kifaru chenyewe kingezilaza.

Kijana: Basi hesabu ya Mwalimu imeutetea mnyororo wa chuma.

Mwalimu: Imeutetea uzito, haijautetea mnyororo. Kifaru kinapokwenda, sehemu ya mnyororo iliyo chini imetulia juu ya ardhi, na ile ya juu inakimbia kwa mwendo maradufu wa kifaru chenyewe. Nishati ya mwendo ikijumlishwa kwa mzunguko mzima, kila gramu ya mnyororo huhesabika kama gramu mbili za bodi. Kilo moja iliyoongezwa kwenye mnyororo ni kilo mbili mbele ya mota, kila kifaru kinapoondoka na kila kinapogeuza mwelekeo. Anayetaka uzito peke yake angejaza nati na vipande vya risasi sakafuni mwa bodi, akaupata kwa nusu ya mzigo huo, na bila kulipa nauli ya kifurushi kutoka Kariakoo.

Hoja hii ya Mwalimu ni sahihi, na wauzaji wa vipuri hawaitaji. Hata hivyo ina pengo moja, kwa kuwa inadhani kwamba mota ndiyo inayoteseka kwanza, na Fundi, ambaye hakuzoea kuanzia kwenye mota, ndiye anayeliona pengo hilo.

Fundi: Mwalimu amepima vizuri, lakini liko swali linalotangulia uzito. Mashine yoyote yenye nguvu ina mahali patakapokatika kwanza, na fundi anayeijua kazi yake hupajua hapo kabla ya kuiwasha. Katika kifaru hicho nguvu hutoka kwenye mota, ikapita kwenye gia, ikaingia kwenye shafti, shafti ikaizungusha sproketi, yaani gurudumu lenye meno, na meno yakazivuta pingili moja baada ya nyingine. Mnyororo ukiwa wa plastiki, wenyewe ndio dhaifu: kijiwe kikinasa kati ya jino na pingili, pingili hupasuka na kazi ikaishia hapo. Mnyororo ukiwa wa chuma, kijiwe hichohicho hakiiwezi pingili, basi nguvu hurudi nyuma na kuyala meno ya sproketi ya plastiki. Ikifungwa sproketi ya chuma, gia za plastiki ndani ya giaboksi hunyolewa meno. Zikifungwa gia za chuma, mota hukwama huku ikiendelea kupewa umeme, ikaungua yenyewe au ikaiunguza saketi inayoilisha umeme huo. Ubovu haujaondoka, umehama, tena umehama kutoka nje kwenda ndani, ambako kuufikia ni lazima bodi ifunguliwe.

Hapa ndipo kiini cha mjadala wote kilipo. Mnyororo wa plastiki, ukitazamwa kwa jicho la Fundi, hufanya kazi ya fyuzi: ni kitu cha bei nafuu kilichowekwa mahali pa wazi ili kiharibike badala ya kitu cha ghali kilichofichwa. Anayeubadilisha kwa chuma bila kubadilisha kingine chochote ameitoa fyuzi na kuweka waya mnene mahali pake. Huo ndio ukweli unaokosekana katika usemi kwamba chuma ni bora, kwa sababu ubora wa sehemu moja hauna maana mpaka ijulikane sehemu iliyo nyuma yake itaupokea vipi.

Kijana: Fyuzi inayokatika pasipo kosa kutendeka si kinga, Mzee. Mnyororo wa plastiki hukatika kwa kijiwe, lakini hukatika pia kwa uzee, kwa jua na kwa kugeuka juu ya sakafu ya saruji. Na kama fyuzi ndiyo inayohitajika, Makambako haikosi fyuzi: maduka ya vipuri vya malori yamejaa fyuzi bapa za magari, za ampia tano, saba na nusu, na kumi. Moja ikifungwa kwenye waya utokao kwenye betri, mota ikikwama fyuzi itaungua badala ya saketi, na giaboksi itabaki salama.

Mwalimu: Kwa nusu tu. Mkondo wa umeme unaoingia katika mota huongezeka kadiri mzigo wa kuzungusha unavyoongezeka, kwa hiyo ni kweli kwamba anayeuwekea mkondo mpaka ameiwekea mpaka nguvu pia. Lakini fyuzi ya gari ikizidiwa kidogo huweza kustahimili kwa sekunde kadhaa kabla ya kuyeyuka, na jino la gia ya plastiki huvunjika kwa kufumba na kufumbua. Fyuzi itaiokoa mota na saketi. Gia haitaiokoa.

Fundi: Basi gia ziwe za chuma kabla ya mnyororo. Hilo ndilo lililokuwa likisemwa.

Kijana analikubali hilo kwa shingo upande, kwa kuwa lina maana kwamba fedha zake za kwanza zitakwenda kwenye kitu ambacho hakuna atakayekiona. Wengi wanaoingia katika kazi hii hufanya kinyume chake: hununua mnyororo kwanza kwa sababu ndio unaong'aa, huufunga juu ya sproketi ya zamani, na mara meno yanapolika huulaumu mnyororo.

Mwalimu alikuwa amegusia kugeuka, na suala hilo linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndipo mashine ya minyororo inapotofautiana kabisa na gari. Gari hugeuza magurudumu ya mbele. Kifaru hakina cha kugeuza, bali huufanya mnyororo mmoja uende upesi kuliko mwingine, au mmoja uende mbele na mwingine nyuma, hata kikajizungusha mahali kiliposimama. Wakati huo sehemu yote ya chini ya mnyororo husukumwa kando, ikikwaruza ardhi, na mota hula umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote. Juu ya sakafu ya saruji au vigae chuma huteleza, jambo ambalo huipunguzia mota mzigo ijapokuwa huacha mikwaruzo ambayo mwenye nyumba hataifurahia. Juu ya udongo chuma hung'ata, na mzigo hupanda. Betri yenye ujazo wa ampia-saa mbili, ikitoa ampia tatu, hudumu dakika 40; ikilazimishwa kutoa ampia tano, hudumu dakika 24. Tena katika kimo cha Njombe hewa ina uzito wa takriban asilimia 80 tu ya ule wa hewa ya pwani, kwa hiyo hubeba joto pungufu kutoka kwenye mota, ingawa ubaridi wake hufidia sehemu ya upungufu huo.

Fundi: Kuna na jambo la kuisha. Watu hudhani chuma hakiishi. Kwenye katapila mnyororo huisha ndani kabla ya kuisha nje. Pini huzunguka ndani ya bushi, ambayo ni bomba nene la chuma, na kwa kuwa mvuto huja daima upande mmoja, pini na bushi hulika upande huo peke yake. Mwenye akili huufungua mnyororo kabla haujaharibika, akazigeuza pini na bushi nusu mzunguko ili upande mzima upokee kazi, na akapata maisha ya pili kwa chuma kilekile. Akichelewa, bushi hutoboka na hakuna cha kugeuza.

Kijana: Mnyororo wa mfano hauna bushi. Pini hupita moja kwa moja katika tundu la pingili.

Fundi: Ndiyo maana utaisha upesi zaidi. Tuseme kila tundu limelika sehemu ya kumi ya milimita, kiasi kisichoonekana kwa macho. Mnyororo wa Sherman una pingili 79 hivi kwa kila upande. Sehemu ya kumi ya milimita mara 79 ni milimita nane, na pingili yenyewe ya mfano ina urefu wa milimita tisa na nusu. Mnyororo umerefuka kwa karibu pingili nzima bila pingili yoyote kukatika. Utalegea, utaruka meno, utachomoka kwenye kona. Asiyejua atasema umeharibika. Anayejua ataitoa pingili moja na kuukaza upya.

Kukaza kwenyewe kuna kanuni ambayo mikono mingi huikosea. Mbele ya mnyororo wa katapila lipo gurudumu lisilo na meno, liitwalo aidla na mafundi, ambalo husukumwa mbele kwa grisi inayopigwa kwa bomba ndani ya silinda. Grisi ikiingia, aidla husogea na mnyororo hukaza. Mafundi hawakazi mpaka mwisho, bali huuachia mnyororo ubonyee upande wa juu kwa sentimita kadhaa, kwa kipimo kinachoelekezwa na kitabu cha mashine, kwa sababu mnyororo uliokazwa mno huzila pini zake na kuinyang'anya injini nguvu. Tena kipimo hicho huchukuliwa mashine ikiwa na matope ya mahali inapofanyia kazi, si baada ya kuoshwa, kwani udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Njombe wakati wa masika hujibanza kati ya meno na pingili na kuukaza mnyororo ambao asubuhi ulikuwa umelegea vizuri. Katika uwiano wa moja kwa kumi na sita, sentimita tano za kubonyea huwa milimita tatu. Mfano usio na aidla inayosogea haufai kufungiwa mnyororo wa chuma mpaka uwekewe ekseli inayoweza kurekebishwa. Bila hiyo mwenye nao atakuwa na njia mbili tu, pingili moja zaidi au pingili moja pungufu, na mara nyingi kipimo sahihi kimo katikati.

Mama: Baba Fundi, na wewe Mwalimu, maneno yote haya ni ya kweli, lakini kwa nini kifaru? Watoto wa huku hutengeneza malori ya mbao na ya waya, wakakata ndala kuukuu kuwa magurudumu, kwa sababu lori ndilo wanaloliona likipita na magogo. Mashine ya minyororo wanayoiona ni katapila. Huyu kijana anaagiza kutoka mbali mashine ambayo haijawahi kufungua barabara hata moja, halafu anauliza kwa nini vipuri vyake havipatikani.

Swali la Mama linaweza kudhaniwa kuwa la pembeni, lakini historia ya mnyororo wenyewe inaliweka katikati. Mnamo mwaka 1904 Benjamin Holt, mtengenezaji wa zana za kilimo wa Stockton, California, alifanyia majaribio trekta la mvuke alilolivua magurudumu ya nyuma na kulivika minyororo ili lisizame katika udongo laini wa bonde. Kutoka katika kampuni yake na ya mshindani wake ilizaliwa Caterpillar mwaka 1925, ambayo jina lake ndilo lililoipa katapila jina katika Kiswahili. Jeshi la Uingereza lilitumia matrekta ya Holt kuvutia mizinga, na tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya Somme nchini Ufaransa, vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza. Mnyororo ulitoka shambani ukaenda vitani.

Tanganyika iliuona ukirudi. Mradi wa karanga, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 ili kuipatia Uingereza yenyewe mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ulihitaji matrekta mengi wakati ambapo matrekta mapya yalikuwa adimu ulimwenguni, na pamoja na mashine zilizotumika zilizonunuliwa kutoka katika mabaki ya kijeshi, kampuni ya Vickers-Armstrongs ilivibadilisha vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Yalipelekwa kufyeka vichaka katika ardhi ambayo, hasa Kongwa, hukauka wakati wa kiangazi ikawa ngumu mno, na ambayo mchanga wake wenye chembe za kwazi huula chuma kwa kasi. Mradi ulisitishwa mwaka 1951 baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36, na sababu za kushindwa kwake ni nyingi kuliko mashine: mvua, udongo, haraka ya wapangaji, na upungufu wa karakana na vipuri. Inafaa kukumbukwa pia kwamba sheria ileile ya Uingereza ya mwaka 1948 iliyoliunda shirika la kuusimamia mradi wa karanga ndiyo iliyoliunda Shirika la Maendeleo ya Makoloni, ambalo mwaka 1949 lilianzisha kampuni ya miwati ya TANWAT hapo Njombe. Karanga zilitoweka, miti ipo, na katapila zinaifuata.

Kijana: Historia ya Mama inanipinga, lakini Shervick yenyewe ilikuwa Sherman. Mnyororo wa kifaru ulifanya kazi ya shamba.

Fundi: Ulifanya kazi ambayo haukutengenezwa kuifanya. Pini za Sherman zilizungushiwa mpira, na mpira ndio uliojipinda pingili zilipokunjana, ili kifaru kiende mbali barabarani bila chuma kusagana na chuma. Katapila hutengenezwa isukume mchana kutwa mahali pamoja. Lakini kuna jambo ambalo Mama hakulisema, na lina faida kwa kijana. Mnyororo wa baiskeli una milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Katapila ya D6, ambayo ni ya ukubwa wa kati, ina milimita 203 kutoka pini hadi pini. Mwalimu agawanye.

Mwalimu: Kumi na sita. Karibu kumi na sita kamili.

Hesabu hii ina uzito kuliko nakshi zote za mjadala. Mnyororo wa mfano wa kifaru aghalabu humiminwa kwa aloi ya zinki, metali laini ya kijivu inayoyeyuka karibu nyuzi 385 za Selsiasi, ambayo pingili yake ikivunjika haiungiki kwa lehemu ya kawaida ya fundi wa mtaani. Mnyororo wa baiskeli ni wa chuma cha pua kigumu kilichopikwa, una pini, bushi na rola ndani ya kila pingili, yaani una kile ambacho Fundi alilalamika kuwa mnyororo wa mfano hauna, na unapatikana katika kila gulio la Makambako, mpya au kuukuu. Sproketi yake ya meno 13 ina kipenyo cha sentimita tano na kidogo, ambacho kwa uwiano huohuo ni kama cha sproketi ya D6. Kinachobaki ni viatu, yaani bamba pana zinazokanyaga ardhi. Kiatu cha D6 chenye upana wa sentimita 56 huwa milimita 35, nacho hukatwa kutoka katika bati nene na kushikizwa kwa lehemu juu ya kila pingili, huku ikiachwa nafasi ndogo kati ya kiatu na kiatu ili mnyororo uweze kukunjana kwenye sproketi.

Kijana: Mnyororo wa baiskeli uliovikwa viatu vya bati nao ni mzito, na Mwalimu ameshasema kila kilo ni mbili.

Mwalimu: Katapila haina haja ya kukimbia, kwa hiyo gharama hiyo hulipwa mara chache. Gia ikipunguza mwendo, nguvu ya kuzungusha hupanda na mota hupumua. Mwendo wa D6 yenyewe ikienda mbele haufiki kilomita 12 kwa saa. Ukigawanywa kwa 16 ni mwendo wa kobe, na ndio unaoupendeza mfano wake.

Mama: Na siku ukikatika, pini itapatikana hapohapo kwa fundi wa baiskeli.

Kijana hakiachi kifaru chake. Msimamo huo una haki yake, kwani mtu hupenda mashine aipendayo, na hakuna kanuni ya fizikia inayoweza kumlazimisha mtu kubadilisha shauku. Kinachobadilika ni mpango wake wa kazi. Giaboksi za gia za chuma zinatangulia, halafu sproketi na aidla ya kurekebishwa, halafu beringi kwenye magurudumu ya kubebea ili uzito mpya usizile ekseli za plastiki, halafu bamba jembamba la chuma ndani ya bodi pale ekseli zinaposhikwa, kwa sababu bodi ya plastiki hujipinda chini ya mvuto na kuzitoa sproketi katika mstari wa mnyororo. Fyuzi ya gari inaingia kwenye waya wa betri. Mnyororo unafika wa mwisho, na bado hauko tayari kufungwa: kila pingili hupigwa tupa ili kuondoa kingo za chuma zilizobaki kiwandani, kisha mnyororo huinuliwa kwa ncha moja na kutikiswa, na pingili isiyoanguka kwa uzito wake wenyewe hurudiwa.

Mabishano ya mwisho ni ya kulainisha, nayo ni mafupi.

Kijana: Grisi kidogo kwenye kila pini.

Fundi: Grisi hufaa palipofungwa kwa sili. Kwenye mnyororo ulio wazi hushika mchanga, ikachanganyika nao, na hapo kilichopakwa kulainisha husaga pini usiku na mchana.

Mwalimu: Unga wa grafiti, basi, ambao ni ule uliomo ndani ya penseli. Hulainisha ukiwa mkavu, na mchanga hauushiki.

Fundi: Huo sawa. Na pini zote ziingizwe kutoka upande wa ndani, vichwa vikiielekea bodi. T-34 ya Kirusi ilifungwa hivyo, bila kitu cha kuzizuia pini zisitoke, ila karibu na sproketi palichomelewa kipande cha chuma ubavuni mwa bodi. Pini iliyochomoza kuelekea ndani iligongwa na kipande hicho kila ilipopita, ikarudi mahali pake bila fundi kushuka.